Pale Mtafsiri Aliponyamaza

...afadhali katekista aanze na lile swali la sakramenti, amuulize ziko ngapi, mtoto aseme saba, basi, neno moja tu, na S ya Evaline haina taabu sana, inapita katikati ya meno kama hewa, taabu ni M, midomo ikishakutana kwenye M haiachani, na majibu ya mafundisho karibu yote yanaanza na Mungu, Mungu ndiye, Mungu yuko, Mungu alimtuma, waliopanga maswali haya hawakumfikiria mtoto kama wangu, anawaza Romana, kisha anajuta kuwaza hivyo ndani ya nyumba ya katekista, chini ya picha ya Bikira Maria iliyozungushiwa maua ya plastiki, anajiweka sawa kwenye kochi na kuivuta sketi ya Evaline ifunike magoti, ingawa magoti yamefunikwa tayari. Nje, barazani, Katekista Amedeus anamsikiliza Antoni, mtoto wa jirani yao wa hapahapa Magamba, na Antoni anajibu kama mvua juu ya bati, hapumziki, hamezi mate, swali halijaisha yeye ameshafika kwenye Amina... huyo atapita, huyo alishapita tangu anatoka kwao, atavaa shati jeupe siku ya Ekaristi na mama yake atapiga vigelegele mpaka Mpanda mjini wasikie, na baada ya Antoni hakuna mwingine barazani, ni Evaline. Mama Katekista, mke wa Amedeus, amekaa kwenye kigoda na ungo wa karanga mapajani, anamenya bila kuangalia vidole, yeye ndiye aliyewasha televisheni walipoingia, akasema watoto wanaosubiri mtihani wakiachwa kimya wanaanza kutetemeka, bora waangalie katuni, akachomeka flashi, akauliza, Evaline mwanangu, utakunywa chai au uji, na Romana akajibu uji, asante mama, huyu chai ya asubuhi inamchafua tumbo, na uji ukaja, uko pale mezani, umeshaanza kuweka utando juu, mtoto hajaugusa. Katuni yenyewe ni ile ya Dada Kimbunga, msichana mwenye joho la njano anayeamrisha upepo na kuuokoa mji wake kila inapolazimu, watoto wa Katavi yote wanamjua, na wanamjua kwa sauti ya Fabrice, kijana wa Katumba mwenye chumba cha kazi karibu na stesheni ya reli ya Mpanda, anayechukua filamu za nje na kukaa mbele ya kipaza sauti akisema kwa Kiswahili kila kinachosemwa, yeye ni Dada Kimbunga, yeye ni adui, yeye ni mama yake Dada Kimbunga, yeye ni mbwa, mlango ukigongwa yeye ndiye anayesema ngo ngo ngo, na ukitega sikio vizuri unawasikia wenye maneno yao wakiongea chini ya sauti yake, mbali, kama watu wa chumba cha pili. Zikija nyimbo Fabrice huwa hahangaiki, husema hapo wanaimba, mambo ya mapenzi hayo, twende mbele, na anasogeza. Lakini leo kuna jambo, leo adui ameumwagia mji moshi wa zambarau, na kila aliyeuvuta hawezi kusema neno mpaka aliimbe, muuza mkate anaiimba mikate yake, polisi anamwimbia mwizi kwamba amekamatwa, na mwizi anamwimbia polisi kwamba sio yeye, na Fabrice amebanwa, hana pa kusogeza, kipindi kizima ni nyimbo, anasema ndugu watazamaji leo kazi ipo, kisha anajaribu, anaimba maneno ya muuza mkate kwa sauti ya mtu aliyebeba gunia la mahindi kichwani, na Mama Katekista anacheka mpaka maganda ya karanga yanaruka kwenye ungo.

"Huyu Fabrice kapewa mdomo, koo kanyimwa," anasema, na Romana anacheka naye, kwa adabu, huku sikio moja liko nje, Antoni ameshafika kwenye amri za Kanisa... Evaline hacheki. Evaline anamwangalia Dada Kimbunga, ambaye katika mji mzima ndiye peke yake aliyefunga mdomo, naye moshi umempata kama wengine, anajua akijaribu kusema atatoka wimbo, na hataki wimbo utoke mbele ya watu, anapita katikati ya soko lao midomo imebanwa, watu wanamwimbia maswali naye anatikisa kichwa, na Romana anapoiona midomo ile anaondoa macho haraka, kwa sababu aliwahi kuiona, aliiona hapo nje mwaka jana, kwenye benchi lile lile analokalia Antoni, mbele ya watoto wote wa kigango na mama zao, katekista aliuliza swali jepesi, lile la kwanza kabisa ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, na Evaline akafunga midomo kwenye M, akaifunga, shingo ikasimama mishipa, macho yakajaa maji, na watoto wa nyuma wakaanza kuhema kwa pua, kule kuhema kwa kuzuia kicheko, na Romana aliyekuwa amesimama kwenye nguzo akasema Mungu, akalisema yeye, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayemwokotea mwenzake kitu kilichoanguka, na swali la pili vivyo hivyo, na la tatu, mpaka katekista akainua kichwa akasema, Mama Evaline, wewe komunyo si ulishapokea, mimi namtahini huyu, na mama wote wakacheka, naye Romana akacheka, angefanya nini, na Evaline akaambiwa ajiandae tena kwa mwaka mmoja, hakuna ubaya, mtoto bado mdogo. Siku ya Ekaristi wenzake walipita mbele na mashada kichwani, naye alikaa na wadogo kwenye viti vya pembeni, gauni jeupe likiwa ndani ya sanduku, na juzi Romana amelitoa akalipima, limemfika juu ya goti, imebidi afumue pindo na kuongeza kitambaa, kinaonekana, weupe wake sio weupe ule, lakini nani ataangalia pindo... na wakati anaweka pini Evaline alisema, akiwa amesimama juu ya stuli mikono imeinuliwa, ni... ni... nikishindwa, na Romana, pini mdomoni, akamalizia, ukishindwa utarudia mwakani mwanangu, mbona kuna watu wazima wanabatizwa na mvi zao, na Evaline akatikisa kichwa, akajaribu tena, nikishindwa, na hapo likakwama lile linalofuata, likakaa kooni, na Romana akasema haya, haya, vuta pumzi, anza upya, taratibu, na mtoto akashusha mikono, akashuka kwenye stuli na gauni lake lenye pini, akaenda kukaa nyuma ya jiko. Tangu siku hiyo Romana anaamini kwamba maneno yenyewe yalikuwa nikishindwa siendi tena, hatakanyaga tena kwenye mafundisho, na mtoto asiyekanyaga kwenye mafundisho akiwa na miaka kumi atakanyaga lini, atakaa nyuma ya jiko mpaka aolewe, na siku ya kuolewa nani atamjibia padri... anaamini hivyo, ana uhakika, mama hawezi kukosea kuhusu mwanawe.

Hapa wanaimba wote, anasema Fabrice, soko zima, mimi nachukua la huyu mwenye kofia... Na Romana anafikiria sababu za ulimi wa mtoto kukwama, anazipitia kama anavyozipitia kila mara, mama mkwe wake anasema mtoto alionyeshwa kioo kabla hajaota meno, Romana hakumbuki kioo, lakini mama mkwe anakikumbuka mpaka kilipotundikwa, na Gaspar, mume wake, yuko Usevya kwenye majaruba ya mpunga tangu mvua zianze, akipiga simu husema mwacheni mtoto, ulimi ni wake, atautumia akitaka, rahisi kusema hivyo ukiwa Usevya, Gaspar hakusimama kwenye ile nguzo, Gaspar hajawahi kuona mwenye duka anavyogeuka kuwahudumia wengine wakati mtoto bado yuko kwenye herufi ya kwanza, basi Romana anasema, anataka sabuni ya kipande, na sabuni inapatikana, wanaondoka, kuna kosa gani, mwalimu wa shule akimsimamisha darasani Romana anakwenda kesho yake kumweleza mwalimu, jirani akiuliza hujambo Evaline Romana anasema hajambo, shikamoo hasemi lakini moyoni anaamkia, na watu wamezoea, na Evaline mwenyewe amezoea, akiulizwa kitu hageuki kwa aliyeuliza, anageuka kwanza kwa mama yake, anauangalia uso wake kama mtu anavyoangalia saa ya ukutani. Na Mungu alimpa Romana ulimi, hilo kila mtu analijua, pale sokoni Mpanda wauza mchele wakiwa na neno kwa wakubwa wanasema mpeni Romana atusemee, akisimama yeye hata askari wa soko anavua kofia, na ulimi huo hakuanza nao ukubwani, alianza nao akiwa mdogo kuliko Evaline, mama yake Mpimbwe wa ndani kabisa, Kiswahili chake kilikuwa cha kuomba chumvi na kuhesabu kuku, na alipougua walipanda lori mpaka Mpanda, na mbele ya daktari Romana ndiye aliyekuwa mdomo... daktari akauliza mama anasumbuliwa na nini, na mama akaanza, kwa Kipimbwe, akaeleza kwa muda mrefu, mikono ikitembea, akaanzia kwa kaka yake aliyechukuliwa na mto, na jinsi tangu siku ile akilala anasikia maji, na maji yakianza kichwa nacho kinaanza, na kitu kingine kuhusu mtoto wa huyo kaka, na mlango ulikuwa wazi, watu wa foleni walikuwa wanachungulia, na daktari alikuwa na kalamu imesimama hewani, na Romana, jasho linamtoka, alikuwa hasikilizi tena, alikuwa anatafuta namna ya kulifanya liwe fupi, na mama alipomaliza akasema, kichwa kinamuuma. Daktari akatoa vidonge vya kichwa. Njiani mama alimshika mkono akamwambia umenisemea vizuri, na Romana alitembea kifua mbele mpaka kwenye lori, na miaka yote hii akiikumbuka siku hiyo huikumbuka kwa ule mkono, mkono mkavu wenye joto, umenisemea vizuri... lakini kuhusu yule mtoto wa kaka, mama alisema nini? Alisema kitu. Kilikuwa kirefu. Na hakukisema tena, si siku hiyo wala baadaye, alimeza vidonge, akawa mtu wa maneno mafupi, na wakamzika na maneno yake mafupi, na Romana leo, kwenye kochi la watu, anatafuta kukumbuka hata nusu ya kile kitu na anaona mikono tu ikitembea.

Nje Antoni amefika kwenye sala ya kutubu, katekista anasema vizuri, rudia hapo mwisho, usikimbie... Na ndani Fabrice amejikwaa. Dada Kimbunga amepanda juu ya mnara wa mji wake, upepo umelichukua joho la njano, chini watu wote wamesimama wanamwangalia, na amefungua mdomo, mwishowe amefungua mdomo, na Fabrice anaanza, anasema, Dada Kimbunga anasema hivi, anasema... anasema... na anakohoa, na unasikia kiti chake kikilia kule Mpanda kwenye chumba chake siku aliyoifanya kazi hii, kisha anasema kwa sauti ya chini, sauti ambayo si ya adui wala ya mbwa, labda ni ya kwake mwenyewe, "Ndugu watazamaji, hapa mimi siwezi. Namwachia mwenyewe." Na ananyamaza. Na chumba kinakuwa kama kimepanuka, kwa sababu kutoka mahali palipokuwa na Fabrice inatoka sauti ya msichana, si nyembamba kama Romana angedhani, ni nzito kidogo, ina mkwaruzo, kama ya mtu aliyeamka sasa hivi, inakwenda polepole, inapanda, inasimama mahali pasipotarajiwa, na inabaki imesimama, na muziki unaisubiri, kisha inaendelea, na Romana haelewi neno hata moja na hawezi kuacha kusikiliza... kumbe ana sauti. Siku zote hizi, katuni baada ya katuni, Romana akipita na ndoo, akipita na mchele, amemsikia Dada Kimbunga akiongea kama kijana wa kiume wa Katumba, na hakuwahi kujiuliza, hata mara moja, kama chini ya Fabrice kulikuwa na mtu, na huyo mtu alikuwa anasema yote haya, kwa namna hii, kwa sauti hii, na Fabrice si mbaya, Fabrice anafanya kazi yake kwa moyo, bila Fabrice nani angeelewa habari ya moshi wa zambarau... lakini mkono wa Mama Katekista umesimama juu ya karanga. Romana anageuka kumwangalia Evaline. Evaline amekaa mbele kabisa ya kochi, midomo imeachana, inatembea, inafuata wimbo au inasema kitu chake, sauti haisikiki, huenda ipo huenda haipo, na shingo imelala, haina mshipa hata mmoja. Na hapo wazo linamjia Romana, linamjia likiwa zima na limevaa nguo zake, aimbe! Mtoto ayaimbe majibu, si kuna kwaya, si Misa yenyewe inaimbwa, ni nani amesema mafundisho lazima yasemwe, na moyo unamwenda mbio kwa furaha, anapanga, atainuka sasa hivi kabla Antoni hajamaliza, atakwenda barazani, atasema, Baba Katekista, samahani, naomba nikueleze jambo moja kuhusu huyu mtoto, huyu mtoto akiimba hakwami, nimemwona, kwa hiyo naomba, yeye mwenyewe angependa, na akikataa ataongeza kwamba hata paroko, na maneno yanakuja, yanajipanga mstari kama yanavyojipanga sokoni, mazuri, yenye heshima, hakuna katekista atakayeyakataa, na ameshaanza kujiinua, mkono uko juu ya kochi, anapojisikia. Yeye mwenyewe angependa. Nani kasema? Lini alisema? Na Romana anabaki hivyo, nusu amesimama nusu amekaa, mkono kwenye kochi, na anauona uji. Utando umekaza. Mama Katekista alimuuliza Evaline chai au uji, alimwita kwa jina, na Evaline alikuwa... alikuwa ameshafungua mdomo. Alikuwa hajamgeukia mama yake. Romana anaiona sasa picha ile kwa pembeni ya jicho kama alivyoiona wakati ule, mdomo mdogo uko wazi, umeandaa herufi, na sauti ya Romana ikaja juu yake, uji, asante mama, na mdomo ukafungwa, taratibu, bila kinyongo, kama mlango wa kabati. Ni mara ngapi kwa siku? Dukani, kisimani, njiani, juu ya stuli... nikishindwa. Nikishindwa nini? Romana aliweka siendi tena, kwa sababu ndivyo angesema yeye, Romana, mwenye hasira na mwenye ulimi, lakini kuna mambo mengi yanaweza kuifuata nikishindwa, nikishindwa usilie, nikishindwa usinisemee, nikishindwa gauni mpe mwingine, nikishindwa je Mungu... na hakuna njia ya kujua, limekwenda nyuma ya jiko na pini zake. Anakaa. Anaurudisha mkono mapajani. Anauwekea mkono mwingine juu yake.

Antoni amemaliza, kandambili zake zinapiga ngazi, mbio, anamwita mtu njiani kumwambia amepita, na kiti cha katekista kinasogezwa, na Katekista Amedeus hamwiti kutoka barazani kama alivyowaita wengine, anakuja mwenyewe mpaka mlangoni, anasimama pale anafuta miwani kwa ncha ya shati, mtu mrefu aliyeinama kidogo kwa sababu ya miaka mingi ya kuwasikiliza wafupi, anaitazama televisheni ambako msichana bado anaimba na Fabrice bado amenyamaza, anavaa miwani, na haulizi habari za Mungu wala habari za sakramenti.

"Evaline, mwanangu," anasema, "leo umekuja ukiwaza nini?"

Si swali la kitabuni. Halina jibu lililokaririwa, Romana hakumwandaa kwa hili, na kabla hata hajashtuka majibu yameshamjaa mdomoni, anawaza kupita, Baba Katekista, anawaza gauni lake, anaogopa kidogo tu, yako matatu, mazuri, yoyote kati yake lingetosha na wangeendelea, na Evaline, kama ilivyo kawaida, anageuka kwa mama yake, anakuja na macho yake yote kuangalia uso. Romana anauinamisha. Ni kitu kigumu, ni kama kumwachia mtoto mkono kwenye barabara ya malori, anaangalia viganja vyake, mistari yake, unga wa mchele usiotoka kwenye kucha, na anayasikia yale macho yakimtafuta juu ya utosi, yakisubiri, yakisubiri tena, kisha hayapo. Kochi linatikisika kidogo, mtoto amegeukia mlangoni. Na sauti inaanza, M, na midomo inafungwa hapohapo, na Romana anajua bila kuangalia kwamba mishipa imesimama, na ulimi wake mwenyewe unainuka, mzee wa kazi, anaubana kwa meno, anaubana mpaka unauma, m... m... na katekista hasemi vuta pumzi, haangalii barabarani, amesimama tu mlangoni kama mtu aliyefika alikokuwa anakwenda, na Mama Katekista ameweka karanga chini, m... kisha midomo inaachana na hakuna kitu, hewa, na inafungwa tena, na hakigeuki, kichwa cha mtoto hakigeuki, m... ma... na Romana, ambaye tangu huyu mtoto aanze kusema hakuna sentensi yake aliyoiacha ifike mwisho bila kuijua, anapitia maneno yote yanayoweza kuanza hivyo, mama, maji, mafundisho, maswali, maneno, mambo, anayashika moja moja na kuyaweka chini, kwa sababu hajui. Hajui kabisa mwanawe anataka kusema nini. Anasubiri, kama wenzake wote mle ndani.